Matoazi Yasiyosikika

“Soma tena,” Sikio alisema.

“Nimeshakusomea mara tatu, kaka yangu.”

“Basi soma ya nne.”

Mama mpimaji wa masikio alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, akaivaa tena. Akaweka kidole juu ya karatasi, pale mstari ulipokuwa ukitembea vizuri kutoka kushoto, halafu ghafla ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

“Huku kushoto ni sauti nzito. Ngurumo, injini, gari kubwa likipita. Hizi unazisikia kama mimi ninavyozisikia. Huku kulia ni sauti nyembamba. Filimbi, ndege, birika likichemka. Hapa huna kitu. Na si jambo la jana. Kwa ninavyoona mimi ni miaka mitatu, pengine minne.”

“Na matoazi?”

“Matoazi yapi?”

“Yale masahani ya shaba ya mpiga ngoma. Kwenye muziki wa roki.”

Mama mpimaji akafikiri kidogo. “Yakipigwa kwa nguvu utapata mshindo wake, kwa mbali. Yakiwa chini chini…” Akatikisa kichwa. “Hapana. Hayo hutayapata.”

Kwa wewe uliyekosa sehemu ya kwanza kwenye gazeti la wiki iliyopita, ngoja nikuweke sawa upesi, maana mwenzetu yuko kwenye kiti cha moto na hatuna muda. Sikio ni fundi wa injini kwenye karakana ya mabasi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu huweka bisibisi juu ya injini inayounguruma, akaegemeza sikio kwenye mpini, akafumba macho, akasema: silinda ya tatu. Wakifungua, ni silinda ya tatu. Na jina hilohilo ndilo analotumia kwenye Sindano, ile tovuti ambako mashabiki wa roki huandika mapitio ya albamu na kutoana roho. Watu elfu arobaini wanamfuata. Sikio akiisifu albamu, inanunuliwa. Akiiponda, imekwisha.

Wiki tatu zilizopita aliisikiliza Paa la Bati, albamu mpya ya bendi ya Nyaya Uchi. Akaipa nyota moja kati ya tano. Akaandika: “Albamu nzima haina matoazi. Mpiga ngoma anapiga godoro.”

Godoro! Neno lile lilipata miguu siku hiyohiyo. Watu wakaacha hata kuiita albamu kwa jina lake. Mpiga ngoma, ambaye dunia nzima inamwita Nyundo, alirushiwa mito ya kulalia jukwaani na watu waliolipa kiingilio. Siku ya tano bendi ikamfukuza dada aliyechanganya sauti za albamu, kwamba ameharibu kazi ya watu.

Na leo Sikio, aliyekuja kupimwa ili awazibe midomo waliombishia, anaambiwa matoazi yalikuwepo muda wote.

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

“Karakanani kwangu watatumiwa nakala?”

“Ni karatasi yako. Ukitaka utawaonyesha, usipotaka utaificha.” Mama mpimaji alisimama kumfungulia mlango. “Ila kama kazi yako ni ya kusikiliza, kaka, usiifiche.”

*

Binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa amesharudi shuleni. Alikuwa mezani jikoni, sare bado mwilini, daftari la hesabu limefunguka mbele yake.

“Weka hesabu pembeni,” Sikio alisema.

Binti aliinua macho. “Leo mvua itanyesha. Wewe ndiye wa kusema niache hesabu?”

“Vaa hii.”

Akampa hedifoni moja, nyingine akavaa mwenyewe, zote mbili zikaingia kwenye kompyuta moja. Akaufungua wimbo wa kwanza wa Paa la Bati.

“Baba, jamani, si hizi kelele zako…”

“Sikuombi uzipende. Ukisikia toazi, inua kidole. Likinyamaza, shusha. Basi.”

“Toazi ndiyo ile ya tsss?”

“Ndiyo hiyo.”

Akabonyeza.

Gita likaingia, zito, la kukwaruza. Sikio alilisikia lote. Besi ikaingia, akaisikia kifuani. Ngoma kubwa ikapiga, moja, mbili, na mwimbaji akaanza kupiga kelele juu ya mvua na paa linalovuja.

Kidole cha binti kikainuka.

Kikashuka. Kikainuka. Kikashuka, kikainuka mara mbili za harakaharaka, kikashuka. Mwimbaji alipofika kwenye kiitikio, kidole hakikukaa tena. Kilikuwa kinachezacheza hewani kama kimeshikwa na homa.

Sikio alikikodolea macho. Aliibana hedifoni kwa viganja mpaka masikio yakauma. Aliongeza sauti. Binti akakunja uso. Akaongeza tena.

Gita. Besi. Ngoma. Mwimbaji. Na kile kidole.

“Unanidanganya,” alisema, akaivua hedifoni.

“Nakudanganya nini?”

“Hakuna kitu hapo. Unachezesha tu kidole.”

“Baba, mbona yako tele? Yako chini kidogo, lakini yapo. Sikiliza.” Akavua hedifoni, akamsogelea, akaiga kwa mdomo, meno yamekutana, ulimi nyuma yake.

Sikio aliona meno. Aliona midomo. Alihisi pumzi ya mwanawe shavuni. Sauti hakuipata.

Binti akaacha polepole.

“Baba. Husikii?”

Sikio akailaza hedifoni juu ya meza.

“Ndiyo maana kila siku unatuambia mimi na mama tunamung’unya maneno? Tukaanza kukufokea kama tuko sokoni, ukasema hatuna adabu?” Akageuka kutazama dirisha. “Na huyu ndege hapa nje? Anayetuamsha kila asubuhi?”

“Ndege gani?”

Binti aliweka mkono mdomoni.

Sikio akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya daftari la hesabu. Msichana aliitazama mara moja tu. Watoto wa siku hizi wanasoma michoro kuliko sisi.

“Usimwambie mama yako,” Sikio alisema. Mama yake, muuguzi, alikuwa zamuni wodi ya wazazi, asingerudi mpaka usiku.

“Kwa hiyo akija nimwambie nini? Kwamba baba amechoka kusikia, amepumzika?”

Sikio karibu acheke. Mdomo ulishaanza. Ndipo orodha ya yule mama mpimaji ilipomrudia kichwani, filimbi, ndege, birika, na yeye mwenyewe akaongeza jambo ambalo mama yule hakulitaja.

Breki!

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

*

Msomaji, pedi za breki zikikaribia kwisha kuna kibati kidogo kinachokwaruza chuma. Kimewekwa makusudi kilie. Na kinalia mlio mwembamba.

Asubuhi ile, kabla hajaomba ruhusa kwenda kupimwa, dereva wa basi namba kumi na nne alimfuata. “Fundi, breki zangu za mbele zinalia.” Sikio alitembea kando ya basi lile ua mzima, ameinamisha kichwa karibu na gurudumu, kwenda na kurudi. Kisha akanyanyuka. “Hazilii. Kapime masikio yako.” Madereva wakacheka. Akaweka sahihi.

Namba kumi na nne huondoka saa nane mchana. Sasa ilikuwa saa kumi na robo. Na njia yake inapita kwenye mteremko mrefu wenye kona saba.

Alimpigia dereva. Simu ikaita mpaka ikakatika. Dereva mzuri hapokei simu akiwa kwenye usukani, na yule alikuwa dereva mzuri.

Akampigia mkuu wa karakana.

“Mkuu, simamisha kumi na nne.”

“Kuna nini?”

“Breki za mbele.”

“Si umelikagua wewe mwenyewe? Sahihi yako hii hapa mbele yangu.”

“Nimesaini kitu nisichokisikia.”

“Unasema nini, Sikio?”

Binti alikuwa anamtazama. Sikio akafumba macho, kama afanyavyo kwenye injini.

“Sisikii, Mkuu. Nimetoka kupimwa sasa hivi. Sauti nyembamba zote zimeondoka, miaka mitatu au minne. Dereva aliniambia zinalia, mimi nikamfanyia mzaha. Nakuomba, simamisha gari hilo. Utanitukana baadaye.”

Kiti kikasukumwa upande wa pili. Kisha: “Usikate.”

Akasikia mkuu akiita watu, milango ikibamizwa, mtu akiulizwa namba ya kondakta. Dakika zikapita. Binti alimshika kiwiko cha mkono, akakibana, asikiachie. Juu ya meza kompyuta ilikuwa bado inapiga Paa la Bati ndani ya hedifoni zilizolala, wimbo wa tatu, wimbo wa nne.

Dakika kumi na moja.

“Sikio.”

“Nipo.”

“Limesimama. Kituo cha mafuta, kilomita mbili kabla ya mteremko. Kondakta amelala chini akachungulia. Gurudumu la kushoto pedi hakuna, ni chuma kwa chuma.”

“Abiria?”

“Wamekaa kwenye majani wanatutukana. Wazima wote.”

Sikio alitafuta kiti, akakumbuka kimeanguka, akaketi sakafuni hapohapo, mgongo kwenye jiko.

“Sasa nijibu,” mkuu alisema, sauti imebadilika. “Mwaka huu umesaini mabasi mangapi?”

Sikio alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Hata wewe ungeacha.

“Kesho usije.”

“Mkuu, miaka kumi na tisa…”

“Naijua. Nilikuwepo ulipoanza. Na kwamba umepiga simu leo nitalisema popote watakaponiuliza. Lakini hapa karakanani usije mpaka uitwe.”

Simu ikakatika.

*

Kama ungekuwa wewe, ungelala. Ungejifunika shuka mpaka kichwani. Sikio aliinua kiti, akakiweka sawa, akakaa mbele ya kompyuta, akafungua Sindano.

Chini ya mapitio yake kulikuwa na komenti elfu tatu na ushee. Vita vilikuwa havijapoa hata kidogo.

“Godoro! Godoro! Nyundo akalale!”

“Nyie mnaosema godoro mmeisikiliza kweli au mmesoma tu Sikio mkameza?”

“Aliyechanganya hii albamu akachanganye udongo.”

“Namtafuta huyo mchanganyaji, anayejua anapoishi anitumie.”

Hiyo ya mwisho ilikuwa imependwa na watu mia sita.

“Unafanya nini?” binti aliuliza.

“Naandika.”

Aliandika, akafuta. Akaandika tena. Jua lilihama kutoka kwenye meza likafika ukutani. Mwishowe maneno yalikuwa machache:

“Mimi ni Sikio. Leo nimepimwa. Sauti nyembamba sizisikii, na karatasi ni hii hapa chini. Matoazi ya Paa la Bati yapo. Binti yangu amenionyesha kwa kidole. Niliandika uongo bila kujua kuwa ni uongo. Dada aliyechanganya albamu hii hakukosea, na Nyundo hapigi godoro. Mwacheni dada wa watu. Nawaomba radhi wote wawili.”

Binti alisoma begani kwake. “Usiitume, baba. Watakutafuna.”

“Yule dada amepoteza kazi kwa ajili yangu.”

“Na wewe umepoteza ya kwako. Siku moja inatosha.”

“Mwanangu, wapo watu wanaulizia nyumba yake.”

Sikio akabonyeza.

Alitegemea nini? Nadhani alitegemea matusi, na baada ya matusi, utulivu. Matusi yalikuja. Utulivu haukuonekana hata mkia.

“Umelipwa bei gani?” aliandika wa kwanza.

Wa pili: “Mimi nimesikiliza mara kumi na mbili, kwenye spika tatu. Matoazi HAKUNA. Na masikio yangu ni mazima.”

Wa tatu: “Mimi pia. Hakuna hata moja. Sikio wa zamani alikuwa mwanaume, huyu wa leo sijui nani.”

Wa nne: “Wewe ndiye uliyetufundisha kusikia godoro, leo unatuletea shuka?”

Sikio alirudi juu, akazisoma tena moja moja. Wote hawa walikuwa wazima. Mama mpimaji angewachorea mstari ulionyooka kutoka kushoto mpaka kulia. Na walikuwa wanaapa kuwa hawasikii kitu, kwa sababu yeye, asiyesikia, aliwaambia hakipo.

Akawajibu: “Mnasikia nilichoandika. Sikilizeni albamu.”

“Kiziwi anatufundisha kusikiliza!” mmoja akajibu, na watu elfu moja wakacheka.

Binti naye alicheka, kidogo, kisha akageuza uso, na Sikio akaona mabega yake yanatikisika, na hakikuwa kicheko tena.

Kisha likatokea jina alilokuwa analiogopa. Kisu Butu. Miaka sita Kisu Butu na Sikio wametukanana kwenye kila albamu, gita, besi, jalada, mpaka mpangilio wa nyimbo. Na Kisu Butu ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba matoazi yapo.

“Sikio,” aliandika, “pole sana. Sikuwahi kufikiri nitakuandikia neno hili. Ulichofanya leo mimi nisingeweza. Ngoja niisikilize upya albamu yote, kwa heshima yako.”

Sikio aliisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kifua chake kikalegea.

“Baba,” binti alisema.

“Naona. Hata yeye…”

“Baba, kengele ya mlango. Inalia muda mrefu.”

*

Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, kilemba kimelegea, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Alikuwa amekimbia.

“Wewe ndiye Sikio?”

“Ndimi.”

“Mimi ndiye niliyechanganya Paa la Bati.”

Sikio akarudi nyuma kumpisha. “Dada yangu, karibu. Ingia ukae. Nimekukosea mno, sijui hata nianzie wapi…”

“Nimetoka karakanani kwako,” alimkatiza, haingii. “Nilikwenda kukutukana mbele ya wenzako, ukweli ndio huo. Mkuu wako akaniambia yaliyotokea, kwamba husikii, akanielekeza hapa. Matusi yote yakaniisha, nimekimbia njia nzima. Nimekuja kukuomba kitu kimoja.”

“Chochote.”

“Usiandike. Wala kwamba matoazi yapo, wala kwamba wewe husikii. Usiandike kabisa.”

Sikio akamtazama binti. Binti akatazama sakafu.

“Nimeshaandika,” Sikio alisema.

Dada yule alikaa palepale kizingitini, taratibu, kama gunia linaloshushwa.

“Lakini ni kukusafisha wewe,” Sikio alisema. “Nimewaambia hukukosea.”

“Nani amekuomba unisafishe?” Akainua uso. “Unafikiri niliyashusha yale matoazi kwa kutokujua kazi? Mimi nachanganya sauti tangu nina miaka kumi na tisa. Niliyashusha kwa makusudi. Niliyazika chini ya gita moja moja, kwa mkono wangu, siku arobaini.”

“Kwa nini?”

“Nyundo ni kaka yangu. Tumbo moja.”

Alipangusa uso kwa upande wa kilemba.

“Kaka hasikii. Kama wewe. Mwaka wa pili huu. Toazi analipiga kama anataka kulipasua, kwa sababu halimfikii, na anachelewa, linaanguka nyuma ya ngoma kila mara. Bendi haijui. Mke wake hajui. Ninajua mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa na sauti zake. Nikasema nitayashusha mpaka pasiwe na mtu wa kugundua. Na hakugundua mtu. Wewe ukaja na godoro lako. Wakanifukuza, nikashukuru Mungu. Afadhali waseme mchanganyaji ni mbovu. Mimi nitapata kazi nyingine, hata ya kuuza duka. Yeye akitolewa kwenye ngoma, hana pengine pa kwenda.”

“Sikumtaja,” Sikio alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Sikuandika chochote juu ya masikio yake.”

“Umewaandikia jina la ugonjwa. Umewawekea na mchoro. Wale watu wana kelele, lakini wajinga siyo.”

“Baba,” binti aliita kutoka mezani. “Kisu Butu ameandika tena.”

“Soma.”

Binti alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyopunguza mwendo. “‘Nimeisikiliza upya baada ya kuona karatasi ya Sikio. Wimbo wa nne, dakika ya pili, ongezeni sauti. Matoazi yapo, lakini yanakuja nyuma ya ngoma kila mara. Mpiga ngoma anayesikia anachopiga hachelewi hivyo. Je, Nyundo naye anasikia? Nauliza tu.’”

Dada akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

“Futa!” binti akasema. “Baba, futa yako, komenti zote zitaondoka nayo!”

Sikio alifika mezani kwa hatua mbili. Akafuta. Mapitio yakaondoka, radhi ikaondoka, komenti elfu tatu zikaondoka. Akapumua mara moja tu. Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya maneno yaleyale, na wa baada yake, na wa baada ya huo. Watu walishayanakili kila mahali. “Wimbo wa nne, dakika ya pili!” “Jamani ni kweli!” “Kiziwi kampa nyota kiziwi mwenzake!” Walewale waliokuwa wakiapa hakuna matoazi, sasa wote waliyasikia, na yote yalikuwa yamechelewa.

Akamwandikia Kisu Butu kwa siri. “Nakuomba, futa swali lako. Nakuomba kama ndugu.”

Jibu lilirudi hapohapo: “Kwani nimekosea?”

Sikio alibaki na vidole juu ya herufi. Akisema ndiyo, Kisu Butu ataleta ushahidi. Akisema hapana, amemsaliti Nyundo. Akinyamaza, kimya hicho kitatosha.

Nyuma yake dada alikuwa anampigia kaka yake. Akakata, akapiga. Akakata, akapiga. “Pokea,” alikuwa anasema. “Pokea, kaka, usisome. Pokea.”

“Ameshasoma,” binti alisema.

Wote wawili wakageuka.

“Nyundo mwenyewe ameandika. Sasa hivi. Ni ukurasa wake, una ile alama ya uthibitisho.” Msichana akasoma: “‘Keshokutwa Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanjani. Nitaipiga Paa la Bati yote, mwanzo mpaka mwisho, ngoma na matoazi peke yake. Hakuna gita, hakuna besi. Kuingia ni bure. Sikio na Kisu Butu wakae mstari wa mbele. Nikichelewa toazi moja tu, naziacha ngoma maisha yangu yote.’”

Kwenye kioo cha kompyuta, idadi ya waliosema watakuja ilikuwa inapanda mbele ya macho yao. Elfu mbili. Elfu tatu na mia nne.

“Pengine ataweza,” Sikio alisema. “Pengine akijiandaa…”

“Bila gita?” Dada alicheka kicheko kibaya. “Unajua anafanyaje jukwaani? Anatazama mkono wa mpiga gita, ule ambao studio haukuwepo. Hiyo ndiyo saa yake. Mkono ukishuka, naye anapiga. Ukimwondolea gita, hatamaliza hata wimbo wa kwanza. Na yeye analijua hilo.”

Akasimama kizingitini, akajishika mlango.

“Wewe ndiye uliyemwingiza humu,” alisema. “Una siku mbili za kumtoa.”

Sikio alitaka kumwambia hana kazi, hana jina, na masikio hana. Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Binti akaitazama, macho yakamtoka, akampa bila kusoma kwa sauti.

Ujumbe wa siri. Umetoka kwa Nyundo.

“Umewaandikia watu elfu arobaini huku husikii, na hakuna aliyejua. Nifundishe. Kesho saa mbili asubuhi, mlango wa nyuma wa uwanja. Njoo peke yako. Dada yangu asijue.”

“Nani huyo?” dada aliuliza.

Sikio akaifunika simu kwa kiganja.

“Karakana,” alisema.